Siwatu na Hodi Tatu za Ng'ambo

—Paukwa!
—Pakawa!
—Mlango umefungwa!
—Bisha hodi!
—Na usipoitikiwa?
—Bisha tena!
—Na ya tatu isipoitikiwa?
—Rudi kwenu!

Haya. Aliyekuja na karanga azigawe, aliyekuja na kelele azimeze. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, twiga hajajijua kuwa ni mrefu, palikuwa na nchi ya nyati kando ya mto wa maji ya magadi yasiyonyweka. Ng'ambo ya mto walikaa ngiri na nungu. Walikuwa majirani wa kuombana chumvi, hata mwaka mmoja wa ukame wakagombania chemchemi. Ngiri wakasema, yetu. Nungu wakasema, yetu. Meno yakachana, miiba ikaruka, na chemchemi ikabaki katikati inameta, hakuna wa kuisogelea. Mkubwa huivumilia kiu. Mtoto je?

Vilio vya watoto vikavuka mto.

Sasa, nchi ya nyati ilikuwa na wapiga mbiu watatu. Kila kulipopambazuka, kila mmoja alipanda kichuguu chake akatangaza habari na maoni yake, na maoni yalikuwa mengi kuliko habari.

Kunguru akalia, "Twende! Twende! Pembe hizi ni za nini? Babu zetu walilisha bonde lile. Tukikaa kimya tutaitwa ng'ombe!"

Kasuku akalia, "Ndovu kasema twende! Ndovu kasema! Tukienda, Ndovu wa msitu mkubwa atatusifu!"

Hondohondo akalia, "Tusiende! Ugomvi wa ng'ambo uozee ng'ambo. Zibeni mlango mlale!" Na huyo kuziba alikujua. Mkewe anapotaga humfungia ndani ya shina kwa udongo.

Nyati walikuwa na desturi yao ya kuamua. Hawakupiga kura kwa mawe wala kwa majani. Jua likielekea kuzama, majike waliokua husimama mmoja mmoja, huelekeza kichwa upande anaoutaka, kisha hulala tena. Upande ulioelekewa na vichwa vingi, ndio uamuzi wa kundi zima. Ndiyo maana wapiga mbiu walikuwa wanapasua koo: kila mmoja alitaka kugeuza shingo za majike. Na siku ya kusimama ilikuwa imewekwa. Siku ya tatu.

Palikuwa na mtamba mmoja, jina lake Siwatu, ambaye mwaka huo ndio kwanza amepewa ruhusa ya kusimama. Alikuwa na kaka yake, Kombo, mwenye pembe moja iliyopinda. Mafahali thelathini walishatajwa kuwa ndio watakaovuka, na wa kwanza kutajwa alikuwa Kombo.

"Dada," Kombo akamwambia, "kichwa chako ukikielekeza ng'ambo, unanipeleka mimi."

"Najua."

"Na usipokielekeza?"

Siwatu akasikiliza vilio vya upande wa pili. Hasira zikampanda. Watatu hawa wanabwata tangu alfajiri, akajiambia, twende, tusiende, kana kwamba kule ng'ambo ni uwanja mtupu! Mwenye nyumba kaulizwa na nani?

Akashuka mtoni. Akasimama kwenye maji ya magotini, akaita, "Hodi!"

Kimya. Matete yakatikisika, yakatulia. Akarudi kwao.

Kunguru akamcheka mpaka akayumba. "Mnamwona? Nyati mzima, mwenye pembe, anabisha hodi kwa ngiri! Na kesho ataomba radhi kwa panzi?"

Siku ya pili akashuka tena. "Hodi!"

Kimya. Mwiba mmoja ukaruka kutoka kwenye matete, ukachoma maji karibu na pua yake. Akarudi kwao.

Hondohondo akatikisa domo. "Nilisema, sikusema? Huko hawapokei wageni. Kaa kwenu, mwanangu."

Siku ya tatu jua likiwa utosini, Siwatu akashuka. Alijua kwamba hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Isipoitikiwa, basi, heshima ya mlango ni kuondoka. Akavuta pumzi.

"Hodi!"

Kimya. Akahesabu mawimbi kumi. Akageuka kuondoka.

"Hodi ya nani?"

Akatoka mama ngiri, mbavu zikihesabika. Na nyuma yake, jamani, akatoka mama nungu!

"Ya Siwatu, binti wa ng'ambo."

"Siku ya kwanza tulidhani ni mtego," akasema mama ngiri.

"Siku ya pili nikakurushia mwiba nione kama utavamia," akasema mama nungu. "Unisamehe, mwanangu."

"Na leo?"

"Mwizi habishi hodi mara tatu."

Siwatu akawauliza, "Wenzetu wanabishana kama waje au wasije. Nyinyi mnatakaje?"

Wakatazamana. "Hatutaki wa kutushindia vita," akasema mama ngiri. "Nyinyi nyati, ndama wakitishwa si huwazunguka? Njooni mfanye hivyo kwenye chemchemi. Migongo ndani, pembe nje, watoto wetu wote wanywe katikati. Msimwelekee huyu wala yule."

"Na mvua za vuli zikianguka," akasema mama nungu, "mrudi kwenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si mgeni njoo, mwenyeji ahame."

"Na waume zenu?"

Mama ngiri akatema jino la mumewe, alilolibeba mdomoni. Mama nungu akaweka mwiba wa mumewe juu yake. "Wametoa wenyewe, iwe alama kwamba wamekubali. Wanaona haya kuonekana wameomba, lakini wametoa."

Jioni ikafika. Majike wakakusanyika. Kunguru analia, Kasuku analia, Hondohondo analia. Siwatu akasimama, akaweka jino na mwiba mbele yao, akasema yote aliyoambiwa. Kisha akageukia vichuguu.

"Kunguru, katika hao thelathini, makinda yako ni mangapi?"

Kunguru akajikuna kwapa.

"Kasuku, Ndovu anatutuma sisi. Yeye anamtuma nani?"

"Ndovu kasema," akajibu Kasuku. "Ndovu... kasema."

"Nawe, mjomba Hondohondo. Umemziba mkeo ndani ya shina, sawa. Umemwachia tundu au hukumwachia?"

"Nimemwachia, lazima! Nitamlishia wapi?"

"Basi hata wewe unajua mlango usio na tundu ni kaburi. Unataka tumzike jirani?"

Majike wakacheka, na Hondohondo, kwa mara ya kwanza katika uhai wake, akafunga domo.

Lakini kusema ni kazi ndogo. Siwatu akamtazama kaka yake, ile pembe iliyopinda, ile pua aliyoizoea tangu wakinyonya. Kisha akakielekeza kichwa ng'ambo.

"Na mimi nitasimama ubavuni mwako," akamwambia. "Simtumi mtu mahali nisipokwenda."

Jike wa pili akasimama, akaelekea ng'ambo. Wa tatu akasimama, akaelekea ng'ambo. Wengine walielekea nyumbani, nao hawakuzomewa. Lakini vichwa vya ng'ambo vikawa vingi.

Wakavuka. Wakabisha hodi, wakaitikiwa "Karibu!" na pande zote mbili. Wakafanya duara, migongo ndani, pembe nje. Watoto wa ngiri wakapita chini ya matumbo yao, watoto wa nungu wakapita, wakanywa mpaka wakalewa maji.

Siku ya saba, kijana mmoja wa nungu, aliyefiwa na ndugu yake vitani, akarusha miiba mitatu. Ikamwingia Kombo kifuani. Kombo akanguruma, akainamisha kichwa, kwato zikachimba vumbi. Ngiri wakashangilia: mkanyage! mkanyage!

"Kombo," Siwatu akanong'ona, "ukitoka kwenye duara, vita vya wawili vinakuwa vya watatu."

"Inauma, dada!"

"Inauma. Simama."

Kombo akasimama. Machozi yalimtoka, lakini akasimama. Kisha kitoto cha ngiri, kidevu kingali kinadondoka maji, kikatoka katikati, kikauma mwiba wa kwanza kikauvuta. Na kitoto cha nungu kikaja kikavuta wa pili. Wa tatu aliung'oa kijana yuleyule aliyerusha, macho chini.

Vuli ikanyesha. Maji yakajaa kila shimo. Thelathini walikwenda, thelathini wakarudi, na Siwatu wa thelathini na moja. Na kuanzia mwaka ule ngiri na nungu walinywa kwa zamu, asubuhi hawa, jioni wale, wakitukanana kidogo tu, kama majirani.

Kwa hiyo, wenzangu, mkisikia wenye sauti wanabishana kuhusu nyumba ya mtu, twende au tusiende, waulizeni kwanza: hodi kabisha nani? Na akiitikiwa, aende kwa masharti ya mwenye nyumba, tena aende na wa kwake.

Kunguru je? Mpaka leo hajajifunza. Hutua juu ya paa bila hodi, ndiyo maana hupigwa mawe.

Hadithi nimeitoa ndani, mlango nimeurudisha. Iliyowanogea ni yenu. Iliyowachoma, mng'oane miiba.