Bi Sange na Mifuko ya Vitumbua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kupanga vyumba, palikuwa na mto uliogawa nchi mbili. Mtasikia habari za mifuko ya plastiki, ila msiniulize ilitoka wapi zamani hizo. Hadithi ni yangu, ninyi kaeni msikilize.

Upande wa huku, Mzee Kiboko aliuza vitumbua. Upande wa pili, Bwana Nyati naye aliuza vitumbua. Kila kitumbua na mfuko wake wa plastiki! Mteja akishakula, mfuko anautupa mtoni, pwaa!

Ukingoni aliishi Bi Sange, kamnyama kadogo kenye pua ndefu, na watoto wake wanne. Mifuko iliziba mto hapo hapo mlangoni kwake. Mvua ikinyesha, maji gulugulugulu mpaka kitandani! Mvua ya mwisho ilimsomba kitinda mimba wake, Kijino, akakutwa amenasa ndani ya mfuko, anatetemeka. Bi Sange alilia sana siku ile. Na masika yalikuwa yamebaki wiki mbili tu.

Mwenyekiti wa Baraza la Nchi Mbili alikuwa Korongo. Kila mwaka alileta sheria ile ile ya kuzuia plastiki pande zote. Kila mwaka Kiboko na Nyati walipiga kelele, "Biashara itakufa!" mpaka kikao kinavunjika.

Bi Sange akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nikufungie vingapi?"

"Sinunui. Nakuomba uache mifuko, watoto wangu watakufa maji."

"Niache mimi, Nyati aendelee? Wateja wangu wote wavukie kwake? Una wazimu!"

Akavuka kwa Nyati.

"Niache mimi, Kiboko aendelee? Thubutu!" Nyati akapiga chafya, sufuria ikaruka.

Bi Sange akakaa juu ya jiwe, akakuna pua. Pua ile ikikunwa, ujue kuna mtu ataumbuka.

Kesho yake akarudi kwa Kiboko, anacheka peke yake, kwi kwi kwi!

"Unacheka nini wewe?"

"Si Nyati! Anaiogopa sheria ya Korongo mpaka mkia unamtetemeka. Kwato zile, mzee wangu, zitaweza kufunga kitumbua kwenye jani la mgomba? Sheria ikipita, anafunga duka."

"Anafunga? Kabisa?"

"Kabisa. Utabaki peke yako mto mzima. Ila usimwambie mtu."

"Simwambii hata mke wangu!"

Huyoo Bi Sange, mbio mpaka kwa Nyati.

"Bwana Nyati, kwi kwi kwi! Kiboko halali usingizi, anaiogopa sheria. Vidole vyake si unavijua, vinene kama mihogo? Akishika jani tu, prrr, limepasuka!"

"Aaa! Kwa hiyo nitabaki peke yangu?"

"Peke yako. Ila usimwambie mtu."

Siku ya kikao cha mwaka ikafika, masika hayajaanza. Korongo akasimama kusoma sheria, kumbe mfuko umemnasa mdomoni. "Mmf! Mmmf!"

"Sheria ipite!" akanguruma Kiboko.

"Ipite leo hii!" akadakia Nyati.

"Pande zote mbili!"

"Usibaki hata mfuko mmoja!"

Wakatazamana.

"We Nyati, si unaogopa?"

"Mimi? Si wewe?"

Walikuwa wamechelewa. Korongo alishachovya mguu kwenye wino na kukanyaga waraka, pa! "Mmf!" Maana yake, imepita.

Asubuhi yake Kiboko akashika jani. Prrr! Akashika la pili. Prrr! Kwa hasira akajitupa chini, akakalia vitumbua vyote. Nyati naye alichoma jani kwa pembe, akazunguka soko zima na vitumbua vitatu kichwani, wateja wakimkimbiza.

Ndipo wakamwona Bi Sange na wanawe wamezungukwa na majani. Sange hutandika kitanda chake kwa majani tangu azaliwe, hivyo mikono ilikwenda chapuchapu, jani limekunjwa, limefungwa.

"Karibuni," akasema. "Nawafungia wote wawili. Ujira wangu vitumbua vinne kila asubuhi."

"Umetudanganya!" wakafoka pamoja.

"Ndiyo. Nani aanze?"

"Mimi!"

"Mimi kwanza!"

Masika yakaja kwa kishindo, mifuko ya zamani imeshazolewa, na mto ukapita zake. Kijino alilala pakavu, kitumbua mdomoni, wala mvua haikumwamsha.

Basi wanangu, mkubwa akigoma kubembelezwa, mtafutieni wa kushindana naye.