Sultani Aliyejisukuma Mwenyewe

Hapo zamani, kabla mizani hazijafika mji wa Mtambuni, alikuwako Sultani mmoja jina lake Badawi, mtu mnene wa mwili na mnene wa cheo, ambaye kitanda chake kiliundwa na mafundi wa majahazi kwa kuwa mafundi wa vitanda walikwisha kukata tamaa. Ikawa siku moja nahodha mgeni akamletea zawadi ya viti viwili vya mvule, vipana, vyenye magurudumu ya shaba yaliyozunguka bila hata kulia. Sultani akaviweka katika ukumbi wa hukumu, ambao sakafu yake ilisuguliwa kwa mafuta ya nazi hata ikang'aa kama kioo, kisha akabuni mchezo. Yeye huketi katika kiti kimoja na mtu mwingine katika cha pili, wakaelekeana, miguu juu, na Sultani akasukuma. Basi yule mwingine huenda kinyumenyume kwa mbio hata akagota ukutani, naye Sultani husalia pale pale, akijipangusa jasho na kucheka.

Lau ungalibaki mchezo, mimi nisingalikuwa na la kusimulia. Lakini Sultani alipoona kwamba hakuna amwondoaye mahali pake, si akida, si kadhi, si mabaharia wenye misuli, akasadiki kwamba sababu ni nasaba yake. Akatangaza mbele ya watu, "Damu ya kifalme haiondoki. Tangu leo, kila mwenye shauri nami ataketi kitini. Atakayeondoka amekosa, na atakayebaki ndiye mwenye haki."

Watu wakaondoka sana siku zile. Mmoja aliondoka akaacha shamba la minazi, mwingine aliondoka akaacha ng'ombe wa maziwa. Hata Sultani akakitamani kisima cha mtaa wa Bondeni, ambacho maji yake yalikuwa matamu kuliko yote mjini, apate kuyaogea. Wa Bondeni wakamtuma mkunga wao, Bi Mwanashumu, kwa kuwa nusu ya mji, pamoja na Sultani mwenyewe, walipokewa na mikono yake. Akaenda, akaketishwa kitini, akasukumwa. Alirudi mtaani mkono umefungwa kitambaa, na jioni ile ile askari wakakizungushia kisima ua wa miti. Watu wa Bondeni wakawa wanachota maji ya chumvi kule pwani ya mikoko, na watoto wakaanza kuugua matumbo.

Sasa katika mtaa huo alikuwako mtu aitwaye Faki, mwembamba kama fito, asiye na kitu, ambaye watu walimhesabu kuwa mpumbavu kwa sababu aliyachukua maneno kama yalivyotamkwa. Tajiri mmoja alipata kumwambia, "Faki, chungu hiki usikiondolee macho." Faki akakaa akakitazama chungu bila kupepesa hata nyama ikaungua ikawa makaa. Alipokemewa akajibu, "Bwana, ulinipa kazi ya macho. Ya moto hukuniambia." Tangu hapo hakupata kazi nyingine.

Faki akaenda kumjulia hali Bi Mwanashumu, akamkuta amelala ubavu, akiugulia mkono.

"Pole, mama. Ilikuwaje?"

"Nimepoa, mwanangu. Niliketi, akanisukuma, nikaruka kama kapi la mpunga. Ndiyo hivyo."

"Na yeye je? Hakutikisika hata kidogo?"

Bi Mwanashumu akafikiri. "Kwa kuwa umeuliza, alirudi nyuma kama upana wa kiganja. Watu hawakuona, maana wote walikuwa wakinitazama mimi."

Ndani ya moyo wake Faki alikuwa akikigeuza kile kiganja kimoja huku na huku. Hakuna aliyemgusa Sultani, naye alirudi nyuma. Basi aliyemrudisha ni nani, kama si msukumo wake mwenyewe? Yule bibi mwepesi alikwenda mbali, na yule bwana mzito alikwenda kiganja. Je, angeketi mbele yake mtu mzito kumpita?

"Mama," akasema, "mimi nitakwenda kusukumwa."

"Utavunjika, Faki. Wewe hata upepo wa kaskazi hukutoa njiani."

"Ndiyo maana nakwenda. Mwenye nguvu hawezi kazi hii; itamfaa mtu wa kuchekwa."

Asubuhi yake akaenda kwa Sultani, akainama mpaka chini. Wala nisiseme hakuogopa. Lakini alikumbuka yale matumbo ya watoto, akasema.

"Mungu akuweke, Bwana wangu. Nimekuja kwa shauri la kisima."

Sultani akamtazama, akawatazama mawaziri wake, wote wakacheka. "Ewe Faki, wataka kunisukuma mimi?"

"Hasha, Bwana wangu. Mimi nitakusukumaje? Nifunge mikono nyuma, mbele ya kadhi, ili asije mtu akasema nimekugusa. Wewe ndiwe utakayesukuma. Nami nikiondoka, nifunge gerezani mpaka mvi ziniote."

"Na usipoondoka?"

"Hilo ni lako kulisema, Bwana wangu."

Sultani akalipenda jambo lile, maana siku nyingi hakuwa amepata cha kuchekesha. Akasema kwa sauti ili ukumbi wote usikie, "Sikilizeni. Siku nitakapoondoka kitini hapa nikafika barazani, pasipo mkono wa mtu mwingine kunisukuma, siku hiyo kisima ni cha Bondeni milele, na huyu ataomba atakalo. Nawe Faki, kwa kuwa u mwepesi hivyo, nakuhurumia. Ijumaa baada ya sala njoo uketi pamoja na mali yako yote, labda itakuzuia."

Ukumbi ukaangua kicheko, kwani ilijulikana kwamba mali ya Faki ni kikoi alichovaa. Faki hakucheka. Akamgeukia kadhi akauliza kwa adabu, "Bwana kadhi, umesikia? Pamoja na mali yangu yote."

"Nimesikia," akasema kadhi.

Faki akarudi Bondeni, akapita nyumba kwa nyumba, akasema, "Nipeni mawe." Wengine walidhani wazimu umempanda, lakini Bi Mwanashumu alitoka akampa jiwe lake la kusagia, akasema mbele ya majirani, "Nimekupa, Faki. Ni mali yako halali." Basi wengine wakafuata. Huyu akampa figa, yule jiwe la kuegemezea mlango, mwashi akampa matofali ya matumbawe yaliyobaki kazini, na kila mmoja akatamka mbele ya mashahidi kwamba amempa. Faki, ambaye hakuwahi kumiliki kitu, siku hiyo akawa tajiri wa mawe, na alipoyatazama yamerundikana alijikuta akitabasamu kama mtu aliyeoa.

Ijumaa ikafika. Mawe yakaletwa kwa punda mpaka ukumbini, na mpaka barazani pakajaa watu wa Bondeni. Waziri akapinga, lakini kadhi akasema, "Bwana wetu alinena mali yote, na mali yake ni hii." Mawe yakapangwa kitini, yakafungwa kwa kamba huku na huku, mengine yakaning'inizwa pembeni kwa makapu, na juu yake akaketishwa Faki kama kuku juu ya mayai, mikono imefungwa nyuma. Askari waliokisukuma kiti kile kukiweka sawasawa walikisukuma kwa mabega, wakihema.

Waziri akainama sikioni mwa Sultani. "Bwana wangu, kile kiti ni kizito mno."

"Damu haipimwi kwa mawe," Sultani akajibu. Naye akaketi mahali pake pa siku zote, mgongo ameupa mlango wa barazani, maana alipenda upepo umpulize shingoni.

Akanyoosha mikono, akakisukuma kiti cha Faki kwa dharau, kama mtu afukuzaye paka. Kiti cha Faki kikatulia. Cha Sultani kikarudi nyuma hatua nzima.

"Kile kimekwama," Sultani akasema. "Kitazameni."

Askari wakainama wakayatazama magurudumu, wakakiegemea kiti kwa mabega, nacho kikasogea polepole. "Hakikukwama, Bwana wetu," wakasema, na macho wameyatupa chini.

Sultani akajisogeza mbele kwa visigino, uso umemwiva. Akakunja mikono ya kanzu, akainua miguu, akavuta pumzi, kisha akasukuma kwa nguvu zake zote, zile nguvu zilizowagotesha mabaharia ukutani. Basi nguvu zile, zilipokosa wa kumwondoa, zikamwondoa mwenyewe. Akaenda kinyumenyume, kanzu ikipepea, akaipita nguzo ya kwanza, akampita mbeba upepeo aliyebaki akiupepea utupu, akaupita mlango, akatokea barazani juani katikati ya watu wa Bondeni, na hapo kiti kikasimama. Faki kule ndani alikuwa amesogea kama unene wa kidole.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wakiogopa hata kukohoa.

Waziri akatoka mbio. "Bwana wangu, tumkamate? Amekufanyia hila."

Sultani akauliza, "Nani aliyenisukuma?"

Sauti ya Faki ikatoka ndani, kutoka juu ya mawe yake. "Bwana wangu, mikono yangu ingali imefungwa. Mkono uliokusukuma ni wako. Ni ule ule uliomsukuma Bi Mwanashumu, ila yeye alikuwa mwepesi akaenda yeye, na mimi leo ni mzito, ukaenda wewe."

Sultani akamwona Bi Mwanashumu amesimama karibu, mkono ungali na kitambaa. Akaamuru yeye arudishwe ukumbini, yule mkunga aje, na Faki ashuke, na bibi aketishwe juu ya mawe. Akamsukuma, safari hii kwa taratibu, kama mtu anayetaka kujua. Kiti cha bibi hakikwenda mahali. Cha Sultani kikarudi nyuma.

"Mimi ni yule yule, Bwana wetu," akasema Bi Mwanashumu. "Na shauri langu ni lile lile."

Maneno hayo yalimwingia Sultani kuliko mwiba. Akainamisha kichwa, akatazama tumbo lake lililomfanya ajione ana haki kuliko watu wote. Alipokiinua akasema, "Kadhi, andika. Kisima ni cha Bondeni. Na kila aliyeondoka kitini hapa na aje, nimrudishie alichokiacha. Nawe mama, nisamehe mkono wako." Halafu akamgeukia Faki. "Omba utakalo."

Faki akakuna kichwa. Alikuwa hajafikiri kufika hapo. "Bwana wangu, mimi sijapata kumsukuma mtu mkubwa maishani. Niruhusu nikusukume mara moja, nikurudishe kwenye zulia lako kule mwisho wa ukumbi."

Sultani akaruhusu, bibi akashushwa na kiti cha mawe kikasogezwa kando. Faki akakiegemea kiti kwa nyuma, akasukuma, kiti kikabaki. Akapiga mguu, akasukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na hapo ndipo kiti kikaanza kujivuta, kidogo kidogo, kisha kwa mwendo, kisha kwa mbio, Faki akining'inia nyuma akiburuzwa na kuvuta kwa nguvu zake zote kisimame, nacho hakisimami, hata kikaingia katika mito na matakia ya kule mwisho wa ukumbi, na wote wawili wakazama humo. Matakia yakatulia. Kisha yakaanza kutikisika, maana chini yake Sultani alikuwa akicheka, kicheko cha kweli, na watu walipokisikia wakacheka nao mpaka barazani.

"Faki," Sultani akasema, pamba zikimtoka ndevuni, "umeonaje?"

"Bwana wangu," akajibu Faki akitafuta pumzi, "kukuondoa ni kazi, na ukishaondoka, kukusimamisha ni kazi kubwa zaidi. Mungu awasaidie mawaziri."