Ndala za Mwantumu

Ukivishwa viatu uwanjani, usitupe ndala zako. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi baiskeli, anayetaka kuuza spana zake kwa sababu kaahidiwa kazi mjini, nanyi mkacheka. Basi kaeni niwaambie ilikotoka, maana haikutoka kwenye kicheko.

Ilianzia hapahapa Korogwe, enzi za timu ya Mkonge Nyota. Kila mwaka walicheza mechi ya hisani, na michango, walisema wenyewe, ni ya kuwanunulia viatu watoto yatima. Watoto hao walitangulizwa uwanjani, kila mmoja kashikwa mkono na mchezaji, ili watu wawaone na waingiwe na huruma.

Mwaka ule alikuwamo Mwantumu, mjukuu wa jirani yangu Bi Kidawa. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya reli, njia nzima kokoto na miiba, naye alikuwa na ndala tu, kanda zimeshikizwa kwa waya. Jamani, yule mtoto alivitaka viatu kuliko sikukuu.

Katibu wa timu, Bwana Shekalaghe, akawavisha viatu vyeusi vya kung'aa mbele ya jukwaa. Kisha akashika kipaza sauti.

"Watoto, tupeni hayo malapa! Shida basi!"

Wakarusha. Watu wakasimama, vigelegele vikapigwa, ndoo ya michango ikapitishwa ikajaa. Mwantumu alizirusha zake mbali kuliko wenzake wote.

Mechi ilipokwisha, Shekalaghe akaja na maboksi. "Haya, vueni. Taratibu, msivikunje."

"Kwani si vyetu?" Mwantumu akauliza.

"Hivi vya dukani, mwanangu. Tumeazima kwa ajili ya picha. Vyenu vitanunuliwa."

"Lini?"

"Mtoto una maswali wewe! Hivi karibuni."

"Basi nipe ndala zangu, baba."

Ndala zilikwisha kufagiliwa. Zilikuwa zinaungua pamoja na takataka nyuma ya goli, na moshi wake ulikuwa mweusi.

Akarudi peku. Pale relini akakanyaga kipande cha chupa. Kidonda kikaoza, shule ikamponyoka muhula mzima, na hadi leo akitembea hukanyagia kisigino. Viatu havikuja. Lililokuja ni basi jipya la timu, limeandikwa ubavuni: Tunajali Watoto. Nilipolisoma nilitema mate chini, na sioni haya kuwaambia.

Bi Kidawa alikuwa uani akimwosha mjukuu wake kidonda basi lilipopita likipiga honi. Machozi yalimtoka kwa hasira. Akasema, "Sikia, mama. Ukivishwa viatu uwanjani, usitupe ndala zako." Alikuwa anasema na mtoto, lakini majirani tulisikia, na watoto wetu nao walisikia.

Mwaka uliofuata timu ikaja tena kutaka watoto. Tukawatoa. Msinitazame hivyo! Kulikuwa na soda na maandazi, na mwenye njaa hana pa kununia. Wakavishwa jezi, wakavishwa viatu. Shekalaghe akapaza sauti watupe malapa. Hakuna aliyejongea.

"Malapa yako wapi?"

"Tumekuja peku, baba," wakajibu kwa pamoja, macho makavu.

Picha ya siku hiyo ingali ukutani katika ofisi ya timu. Nendeni mkaione. Watoto wamepangwa mstari, viatu vinang'aa, na kila mmoja tumbo limetuna. Wageni wakiitazama hutikisa kichwa kwa furaha, husema, "Ama kweli watoto wa Mkonge Nyota wameshiba." Ni ndala zao, wamezifunga tumboni kwa kamba chini ya jezi. Mwantumu hamtamwona humo. Alikuwa nyumbani na mguu wake.

Haya, inukeni. Mkimbilieni fundi kabla hajauza spana, na safari hii mwambieni bila kucheka: ukivishwa viatu uwanjani, usitupe ndala zako.