Viazi Si Mchele

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Maana yake ni kuwa aibu ya kuuliza hupita upesi, lakini aibu ya kujifanya mjuzi hupakuliwa mezani, watu wakaitazama.

Mwanvua alikuwa bibi arusi wa miezi miwili katika mtaa wa Musonoi, huko Kolwezi. Kwao Kasongo chakula ni wali, na kwa wali hakuwa na mpinzani. Siku hiyo Malaika, shangazi ya mumewe, alikuwa anakuja kutoka Dilolo kumwona kwa mara ya kwanza, naye alipenda viazi vya kuchemsha. Neno ambalo angerudi nalo Dilolo ndilo ambalo ukoo mzima ungelishika.

"Mwana, unayua kupika hii?" akauliza Mama Safi, mavyaa wake.

"Nayua, mama."

"Nikuonyeshe?"

"Hapana, mama. Mi nayua."

Kumbe hakuwahi kuvipika hata siku moja! Alivimenya, akavikata vikubwa kwa vidogo, akangoja maji yatokote juu ya mbabula, jiko lililojaa makaa mekundu, kisha akavitumbukiza kama afanyavyo kwa mchele. Vikarukaruka na kugongana. Vilipoanza kumomonyoka, akaamini vimeiva, akapakua.

Shangazi alitia kipande mdomoni. Kikalia kacha! Nje uji, ndani jiwe.

"Eh! Nani alimufundisha huyu?"

"Ni mi," Mama Safi akawahi kujibu. "Kosa ni yangu. Sikumuonyesha."

Mwanvua alitamani ardhi ipasuke immeze. Kuharibu chakula kulimuuma, lakini kumwona mama aliyemuuliza mara mbili akibeba mzigo usio wake kulimchoma zaidi. Machozi yakamlengalenga.

"Shangazi, mama aliniuliza. Mi nilisikia haya kusema siyui. Mama, unionyeshe."

Mama Safi akatwaa viazi vingine. "Chagua bya kulingana. Bitie ku mayi ya baridi na chumvi, moto ikuwe kidogo, ndani na inje bipate moto pamoja. Kisu ikiingia bila kusukuma, mwaga mayi yote, rudisha sufuria ku moto bikauke."

Vya pili shangazi alivila mpaka akalamba vidole, akamsifu mkwe kwa kusema kweli. Mwanvua hakuthubutu kuinua macho. Neno moja tu, "siyui", lingemwepusha na fedheha yote ile. Ama kweli, kuuliza si ujinga.