Kwa Nini Mke Huulizwa Kwanza Mume Akitaka Kushika Ndiva

Haya, tulieni. Na wewe unayesema ya nyumbani kwa kiongozi hayatuhusu, sogea karibu, maana hii ni yako.

Hapo kale, huku milimani kwetu, mke hakuulizwa kitu mumewe alipotaka ukubwa. Tulikuwa na ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na mkuu wa ndiva ndiye aliyefungua maji na kuyafunga. Alichaguliwa kwa kazi yake tu. Kiangazi kikibana, uhai wa watu wote ulikuwa mikononi mwake.

Senkondo alikuwa hodari, tumpe haki yake. Ukuta wa ndiva ulipobomoka, yeye ndiye aliyeujenga upya huku wenzake wakiikimbia mvua. Wazee walipotaka kumpa ukuu, mkewe Nakijwa akaja barazani.

"Wazee wangu, shikamooni. Huyu hunywa maziwa ya watoto, na nikimuuliza anamsingizia paka. Paka kapigwa mpaka kahama. Msimpe maji."

Lo! Walicheka mpaka machozi. Mzee Mrutu, mkubwa wao, akamwambia, "Mwanangu, ya jikoni yaishie jikoni. Sisi tunatafuta mtu wa maji, hayo ya maziwa malizaneni wenyewe." Senkondo akapewa ukuu.

Miaka ya mvua ilipita vizuri. Aligawa sawasawa, nao wazee wakamtania Nakijwa kila walipokutana naye. Kisha kikaja kiangazi kile. Jioni ndiva imejaa, asubuhi imepungua. Senkondo akasema fuko wametoboa ukuta. Basi wanaume wazima, na ndevu zao, wakashinda wakichimbua fuko! Nani angemshuku aliyeujenga ukuta ule? Maharage yakakauka yangali na maua. Njaa ikaingia, na mzee Mrutu akamzika mjukuu wake.

Wanawake waliokwenda kuchuma mboga za porini ndio waliolikuta shamba la migomba la Senkondo, nyuma ya kilima, limelowa chapachapa. Akavuliwa ukuu siku hiyo hiyo.

Mrutu akaenda kwa Nakijwa, akaketi chini, karibu na mafiga.

"Mwanangu, mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia, baba. Mkacheka."

Mzee akalia mbele ya watoto, wala hakujificha.

Na tangu siku hiyo, anayetaka kushika ndiva huachwa nje, nao wazee huingia jikoni kwa mkewe. Hatutafuti malaika. Mlevi tumewahi kumpa, na mwenye hasira pia, wakatufaa. Mke huulizwa moja tu: huyu akikosea, huwa anakubali kuwa ni yeye? Na akianza kusema, hakuna ruhusa ya kucheka.

Mwaka juzi mmoja alikataa mkewe kuulizwa, akasema hayo ni mambo ya ndani. Tukamshukuru kwa chai, tukaenda nyumba ya pili.