Sauti Chini ya Muziki

Mpelekee hii yeyote ambaye bado ana mtu wa kumgombeza nyumbani.

Masika moja, mlima ulikiporomokea kijiji kimoja cha Upare. Watu wa televisheni walifika siku hiyo hiyo. Wakampiga picha mama aliyeitwa Namkunda, amesimama juu ya kifusi, mikono juu, kinywa wazi.

Tangu hapo, yakitokea maafa popote, picha ile ilirudi hewani. Chini yake waliandika: "Mama akilia kuomba msaada." Sauti yake waliifunika kwa muziki wa huzuni.

Kijiji kikajengwa upya. Hakuna mwandishi aliyekuja kuona. Baadaye Namkunda akaugua, akafariki.

Mumewe, Mzee Senkondo, alibaki na picha za harusi, na picha za harusi hazisemi. Hakuwa na sauti yake popote. Akasafiri hadi kwenye kituo kile cha televisheni.

"Unataka tuache kuionyesha, mzee?" mhariri akamuuliza. "Tunaelewa. Inaumiza."

"Hapana, binti yangu. Ondoeni muziki."

Mhariri akasita. "Kilio chake kitakuumiza zaidi."

"Niache niumie."

Wakaitafuta picha kama ilivyopigwa, wakaiwasha. Upepo ukavuma. Baragumu likalia kwa mbali. Kisha ikaja sauti ya Namkunda, kavu, kali:

"Msaragambo! Njooni na majembe! Mama Elinami, lete sufuria kubwa! Na wewe Baba Nakijwa, umesimama kama nguzo ya simu, unangoja upakwe rangi?"

Vijana wa mitambo wakaangua kicheko.

"Kumbe hakuwa analia," mhariri akasema polepole.

"Alikuwa anaita watu kazini. Kwetu msaragambo ni kazi ya wote; baragumu likilia, unatoka. Kufika jioni njia ilikuwa wazi."

"Mbona hukutuambia siku ile, baba?"

"Mliniuliza nimepoteza nini; hamkuniuliza mke wangu anasema nini. Siku ile nilikuwa sijampoteza."

Mhariri akainama. Kisha akauliza, "Na huyo Baba Nakijwa ni nani?"

Mzee akanyoosha kidole kwenye skrini. "Rudisha," alisema.

Wakarudisha. Sauti ilipofika kwenye nguzo ya simu, Mzee Senkondo akainuka kitini.

"Nakuja, Mama Nakijwa," akasema.

Funzo: Usimtie mtu kilio kinywani kabla hujamsikiliza. Huenda anaita watu wajenge, na iko siku mtu atatoka mbali kuitafuta sauti hiyo uliyoifunika.