Ua Lililovuka Masale

Waliokuwepo uwanjani siku ya maonyesho ya mimea ya kata yetu, huku milimani Upare, ni hawa. Nawataja kwa majina kamili, asije mtu akadai amesahauliwa.

Alikuwepo Bwana Eliewaha Mbwambo, mkulima wa kahawa, ambaye kipaji chake kilikuwa mikono: mche ulionyauka kwa wengine, kwake ulichipua. Alikuwepo jirani yake, Bi Nakijwa Mrutu, mjane, ambaye kipaji chake kilikuwa kungoja. Alikuwepo Bwana Yohana Kiangi, aliyewahi kutunza mimea mikavu katika makabati ya chuo, ambaye kipaji chake kilikuwa majina. Alikuwepo mwamuzi, Bwana Senkoro. Na alikuwepo mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amefungwa kwenye nguzo. Huyo ndiye aliyekuwa zawadi ya mmea bora wa porini.

Ua lenyewe jina lake ni Cycnium adonense. Ni jeupe, hukaa chini chini kwenye nyasi, na ukiliona kwa mbali utadhani mtu ameangusha karatasi. Ukilichubua hugeuka jeusi. Liliota katika shamba la Bwana Mbwambo, shibiri mbili tu kutoka kwenye masale, ile mimea tunayoipanda mpakani.

Bwana Mbwambo ndiye aliyeliona kwanza. Alilizungushia uzio wa fito ili mbuzi wasilifikie, na kiangazi chote alilibebea maji kutoka chemchemi. Kwa kuwa hapendi uchafu, aling'oa nyasi zote upande wake, likabaki peke yake kwenye udongo mtupu. Halikufa. Akajisifu.

Bi Nakijwa hakulifanyia ua lile lolote. Upande wake wa masale nyasi zilisimama kufika kiunoni. Ng'ombe wake alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na majirani walikuja mmoja mmoja kuomba wakate nyasi, au walime viazi mahali pale. Aliwakatalia wote.

"Ng'ombe wangu atakula nini?"

"Ng'ombe gani, Bi Nakijwa?"

"Atakayekuja."

Walimcheka mpaka wakachoka.

Bwana Kiangi alifika siku moja kabla ya maonyesho, akamkuta Bwana Mbwambo ameinua jembe, pembeni yake debe lenye samadi.

"Weka chini, Eliewaha. Mwaka juzi ulipanda moja kwenye debe likafa. Mwaka jana likafa jingine. Unataka la tatu?"

Akaomba kijiko. Akafukua taratibu, akiufuata mzizi wa ua lile, nao ukapita chini ya masale, ukatokea upande wa pili, ukaishia kwenye mizizi ya nyasi. Pale palikuwa na vinundu vidogo, vimeng'ang'ania.

"Majani yake ni ya kijani," alisema Bwana Kiangi, "kwa hiyo hujipikia chakula kwa jua kama mimea mingine. Lakini maji na chumvi za ardhini hunyonya kwa jirani. Ni nusu kupe."

Bi Nakijwa alikuwa amesimama ng'ambo ya masale, anasikiliza. "Yaani miezi yote hii lilikuwa linalala kwake na kula kwangu?"

"Ndivyo."

"Kama wajomba zake Eliewaha."

Hata hivyo alikubali nyasi zake kidogo ziende nalo. Wakakata bonge moja la udongo lenye ua na nyasi pamoja, wakaliweka katika debe.

Uwanjani, Bwana Senkoro alilitazama debe akakunja uso. "Hili lina magugu. Liondolewe."

Bwana Kiangi akampa kadi yenye jina la ua, jamaa yake ya mimea, na sababu ya nyasi zile. Mwamuzi akafunua kitabu chake cha zamani.

"Kitabu changu kinaliweka katika jamaa nyingine."

"Kitabu chako kilitazama sura ya ua, Bwana Senkoro. Baadaye wataalamu walitazama nasaba, wakalihamishia Orobanchaceae, pamoja na wanyonyaji wenzake. Hata kiduha yumo."

"Kiduha huyu anayemaliza mahindi yetu?" aliuliza Bi Nakijwa.

"Ni ndugu yake."

"Basi leo tunamtunza ndugu wa mwizi."

Watu wakacheka. Lakini ilipofika adhuhuri, maua mengine ya porini yalikuwa yameinama katika makopo yao, na lile jeupe bado lilikuwa wima. Bwana Senkoro akalipatia ushindi, akauliza nani ashike kamba ya mtamba. Mikono mitatu ikanyooka.

"Limeota kwangu," alisema Bwana Mbwambo. "Bila uzio wangu mbuzi wangelila, na bila maji yangu lingekauka."

"Maji yako yalipitia kwenye nyasi zangu," alisema Bi Nakijwa. "Ningezikata, ungemwagilia kaburi."

"Bila mimi lingekufa kwenye samadi," alisema Bwana Kiangi, "na bila kadi lingetupwa nje."

Bwana Senkoro naye ni Mpare, anajua kesi zetu zinavyozaa kesi nyingine. Akaahirisha uamuzi kwa mwezi mmoja. Mtamba akapelekwa kwa Bi Nakijwa kwa muda, kwa kuwa nyasi zilikuwa kwake. Bwana Mbwambo akawa anamletea maji. Wakamwita Karatasi, kwa lile baka, na Bwana Kiangi akapinga, akisema hilo si jina la ng'ombe. Ua likarudishwa mahali pake, na Bi Nakijwa akawa anakata nyasi kila siku, ila akaacha ukanda mmoja kando ya masale bila kuugusa.

Mwezi umekwisha. Bwana Senkoro ameshindwa, ameniambia niwaulize ninyi. Mtamba ni wa aliyelitunza ua, wa aliyelilisha bila kujua, au wa aliyelijua? Je, wewe ungeamua vipi?

Unapofikiri, uweke na hili katika hesabu: Bi Nakijwa Mrutu alifariki Jumanne asubuhi.